Maua Yaliyoitangulia Sikukuu Yake

Mtu wa Kivu anayekwenda Ulaya mwezi wa kumi na mbili hupewa mashauri mengi kabla ya safari, nasi tulipewa. Mmoja alituazima koti zito lenye harufu ya sanduku. Mwingine alitupa kofia ya sufu. Na mama mmoja wa parokia yetu alitusihi tusitoke nje asubuhi pasipo kufunika masikio, kwa maana amesikia ya kwamba kule masikio huganda hata yakavunjika kama kigae. Basi tulishuka Brussels katikati ya Desemba 2015, tumevaa vyote, na kabla hatujafika penye gari-moshi tulikuwa tumekwisha kuvua koti na kulichukua mkononi. Jasho lilitutoka mbele ya watu. Mvua ilikuwa ikinyesha kidogo, mvua ya uvuguvugu, nasi tulitazamana kama watu walioteremka kituo kisicho chao.

Shughuli iliyotupeleka haihusu habari hii. Tulipokewa katika nyumba ya masista, upande wa kaskazini wa mji huo, penye vijiji ambavyo watu wake husema Kiflamandi. Kati ya wazee wale, mmoja alikuwa amefanya kazi kwetu tangu mwaka 1958 hata 1996, akifundisha kushona na kutunza bustani za misioni mbili. Alitukaribisha kwa Kiswahili kilicho kizuri kuliko chetu, Kiswahili cha vitabu vya zamani, akatuita wanawe, nasi tukamwita Mama, kama walivyomwita mama zetu. Hakutuuliza habari za safari kwa urefu. Alisema: «Chai itangoja. Njoni kwanza mwone jambo la aibu.»

Akatuongoza nyuma ya nyumba, penye ukuta mrefu wa matofali unaotazama kusini. (Yafaa tueleze: huko kaskazini jua halipiti juu ya utosi kama kwetu, hupita chini chini upande wa kusini, na ukuta wa namna hiyo hupata joto lote la mchana.) Chini ya ukuta maua ya rangi ya manjano yalikuwa yamefunguka, kila moja na kikombe chake katikati, yakitikisika katika upepo. Maua mazuri! Nasi tulianza kuyasifu. Lakini Mama alisimama mbele yake kama mzazi amwonaye mtoto anarudi kutoka shuleni saa tatu ya asubuhi: kumwona anafurahi, walakini anataka kujua sababu.

Maua hayo ni narsisi. Waflamandi huyaita pia *paaslelie*, maana yake lelie za Pasaka, kwa sababu kwa desturi huchanua Machi na Aprili, watu wanapojitayarisha kwa sikukuu ile. Hatua chache mbele, chini ya mti wa mpera wa Ulaya usio na jani hata moja, alituonyesha ncha nyeupe zikitokeza udongoni, nyingi kama meno ya mtoto. Hayo ni maua ambayo Wafaransa huyaita *perce-neige*, mtoboa theluji, na Waflamandi *sneeuwklokje*, kengele ndogo ya theluji. Hili ndilo ua la kwanza la mwaka kwao, na tangu zamani Wakristo wa Ulaya walilihesabu kuwa ua la tarehe 2 Februari, siku Bwana alipotolewa hekaluni, mishumaa inapobarikiwa. Jeupe, dogo, limeinamisha kichwa: hata asiyejua katekisimu aona kwa nini walilipa Bikira Maria.

«Sasa niambieni,» akasema Mama, «ua la Pasaka limekuja kabla ya Noeli. Mishumaa ya Februari itapambwa kwa nini?»

Hakuwa akikisia tu. Tangu aliporudi kwao, mwaka 1996, alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu, na ndani yake, mwaka baada ya mwaka, siku alipoona ua la kwanza la kila aina katika bustani ile. Usiku tuliketi naye jikoni tukalisoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa ile baridi kuu ya Januari 1997, ambayo wazee wa huko hawaisahau. Mwezi huo, tarehe 4, jirani zao Waholanzi waliweza kufanya mashindano yao makubwa ya kuteleza juu ya barafu, karibu kilometa 200 kwa siku moja, wakipita miji kumi na mmoja kwa njia ya mifereji na maziwa yaliyoganda. Mwaka ule kengele za theluji za Mama zilichelewa hata nusu ya pili ya Februari. Mashindano hayo hayajafanyika tena tangu siku ile, kwa maana barafu haijapata kuwa nene ya kutosha njia nzima. Na katika daftari tarehe zilikuwa zikirudi nyuma, si kila mwaka, maana mwaka mmoja hutangulia na mwingine hukawia, lakini mtu akifunua kurasa kwa haraka aliona mwendo wake, kama aonavyo mwendo wa jahazi lililo mbali.

Desemba ile ya 2015 ilipita zote. Huko Uccle, penye kituo cha serikali cha kupima hali ya hewa, wastani wa mwezi mzima ulizidi digrii 9, na desturi ya mwezi huo ni karibu digrii 4. Haijapata kupimwa Desemba ya joto namna hiyo pale. Magazeti yalipiga kelele nyingi, na Mama alikasirika kidogo nayo, kwa maana moja lilitoa picha ya ua liitwalo waridi la Noeli likisema ni mwujiza. «Hili huchanua wakati wa baridi siku zote,» akasema. «Ndiyo maana likapewa jina hilo. Asiyejua desturi ya kitu hawezi kujua lini kimeiacha.»

Hapo msomaji atauliza: ua limo ndani ya ardhi gizani, lajuaje kwamba ni Februari au Desemba? Nasi tuliuliza hivyo. Mama akaleta kitunguu cha narsisi, akakipasua kwa kisu cha jikoni. Kwa umbo chafanana na vitunguu vyetu vya mchuzi, magamba juu ya magamba. Lakini mtu asithubutu kukila, kina sumu. (Waholanzi, katika njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945, walikula vitunguu vya tulipa, wakichagua na kutoa kiini chake, walio wazee bado husimulia ladha yake, na hakuna aisifuye.) Katikati ya magamba palikuwa na ua zima, dogo kama punje ya mtama, limekwisha kuumbwa. Liliumbwa tangu kiangazi kilichopita. Maua haya hayaanzi kazi yanapotokea. Yanapotokea kazi imekwisha, na yanangoja amri tu.

Amri hiyo ina sehemu mbili. Kwanza lazima kitunguu kipate baridi, na baridi ya siku nyingi. Tulipa, kwa mfano, yataka majuma kumi na mawili au zaidi ya baridi iliyo chini ya digrii 9; pasipo hayo shina lake hubaki fupi na ua hunyauka likiwa lingali ndani ya majani. Baada ya baridi huja sehemu ya pili, yaani joto, nalo ndilo lisemalo: Toka. Kuna aina zinazoridhika na baridi kidogo. Hizo, zikiona joto la Desemba, hudhani hesabu imetimia. Hazikukosea hesabu; aliyebadilisha namba ni mwingine.

Tukakumbuka padri mmoja wa kwetu, Mungu amrehemu, aliyerudi Bukavu likizoni mwezi wa kwanza na mfuko wa vitunguu vya tulipa. Mwaka ule yalichanua, na watu walikuja kuyatazama baada ya Misa. Mwaka uliofuata yalitoa majani matupu, na mwaka wa tatu hata majani hayakuonekana. Padri alimlaumu mtunza bustani, na mtunza bustani akawalaumu fuko. Kumbe, vitunguu vile vilikuwa vimekwisha kupata baridi yao Ulaya kabla ya kupanda ndege, na kwetu havikuipata tena. Mama alicheka sana aliposikia hayo. Alisema mtunza bustani yule alimfahamu, naye alikuwa mtu mwaminifu.

Kisha akatuuliza: «Nanyi, je, hamna kitu kinachongoja namna hiyo?» Tulinyamaza. Akajibu mwenyewe: «Kahawa.» Na kweli. Mkahawa wetu huweka vichipukizi vya maua vikalala wakati wa kiangazi, Juni hata Agosti. Ukavu ndio unaoviandaa, kama baridi inavyoandaa narsisi. Na mvua nzuri ya kwanza ikishuka, baada ya siku saba au kumi hivi mlima mzima huwa mweupe kwa asubuhi moja na kunukia. Lakini mvua ikija ya uongo katikati ya kiangazi, maua machache hutoka peke yake, na baadaye matunda huiva mafungu mafungu, mchumaji akapita shamba lile lile mara tano. «Basi kahawa ya kilima kile cha misioni ilichanua lini mwaka huu?» Tulijibu: Septemba, Mama. «Tarehe gani?»

Hatukujua. Sisi tuliozaliwa chini ya kilima kile, ambao karo zetu za shule zilitoka katika miti ile, hatukuweza kutaja siku, wala ya mwaka ule wala ya mwaka wo wote.

Kesho yake tulijaribu kumtetea mtoto aliyerudi mapema. Tulisema: Mama, ua ni ua, likitangulia si hasara, bustani inapendeza na watu wanafurahi. Hakubishana. Alitupeleka tena ukutani saa sita ya mchana, akatuonyesha nyuki mmoja mkubwa mwenye manyoya, wa aina isiyokaa mizingani, akitembea polepole juu ya tofali. Alikuwa malkia. Nyuki wa namna hiyo hufa wote majira ya baridi yakija, ila malkia wachanga waliokwisha kupandwa, ambao hulala ardhini kila mmoja peke yake hata majira mema, kisha waanzishe ukoo mpya. Joto lilimwamsha huyu. Aliamka na akiba aliyolala nayo, akapata maua machache chini ya ukuta mmoja. Baridi ikirudi, naye amekwisha kutumia akiba yake, ukoo mzima wa mwaka ujao umo hatarini ndani ya mwili wake.

Kwa kengele ya theluji yenyewe hatukuwa na haja ya kuhofu, na haki yataka tuseme hivyo. Ua lile likikutwa na barafu hulala chini kama limekufa, na jua likipanda husimama tena. Hata narsisi ikiunguzwa, kitunguu kiko salama, na mwaka ujao kitajaribu tena. Hatari iko kwa wale wanaoishi kwa ua moja la mwaka. Majira yale yale yalionyesha: usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Aprili 2016 barafu iliangukia mizabibu ya Burgundy, Ufaransa, na machipukizi mabichi yakawa meusi. Aprili 2017, baada ya Machi ya joto iliyofungua maua ya miti mapema, ilikuwa zamu ya Wabelgiji wenye mashamba ya mapera ya Ulaya na peasi. Aprili 2021 Ufaransa ilipigwa tena, vibaya zaidi. Mkulima wa huko hukesha usiku kama huo, akiwasha makopo ya nta kati ya mistari ya miti, mamia kwa mamia, hata shamba lafanana na kanisa usiku wa Pasaka. Au hunyunyizia maua maji, kwa maana maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na ua lililofungwa ndani ya barafu husalimika kuliko lile lililo wazi. Mtu hufunika ua kwa barafu ili lisiuawe na barafu!

Na wako wasafiri. Yuko ndege mdogo mweusi na mweupe ambaye hupita majira ya baridi huku Afrika ya Magharibi, kisha hurudi Uholanzi kuzaa. Huondoka kwetu kwa kalenda ya mwilini mwake, wala hana habari kwamba Ulaya joto limetangulia. Christiaan Both na Marcel Visser, wataalamu wa Uholanzi, walionyesha mwaka 2001 ya kuwa ndege huyo hajaweza kuharakisha kuwasili kwake kama inavyotakiwa. Akichelewa, viwavi ambao angewalisha makinda yake wamekwisha kupungua.

Siku moja ya Januari tulikwenda Meise, penye bustani kubwa ya mimea ya serikali, si mbali na nyumba ile. Ina hekta 92 na ngome ya kale katikati ya maji, iitwayo Bouchout, alimofia mwaka 1927 mama Charlotte, dada wa Leopold wa Pili, aliyewahi kuwa malkia wa Mexico. Hatukwenda kwa ajili ya malkia. Tulikwenda kwa sababu Mama alisema: «Kongo yenu iko pale, imekaushwa.» Na ndivyo ilivyo. Katika makabati yao mna karibu mimea milioni 4 iliyokaushwa na kubandikwa karatasini, na hakuna penye hazina ya mimea ya Afrika ya kati kuipita hiyo. Ndani ya nyumba za vioo, miwani yetu ikafunikwa na mvuke, nasi tukasimama mbele ya mkahawa wa msitu wa kwetu, ukiwa umepashwa moto ili usijue ni Januari.

Hapo tulisikia habari za Yangambi. Wengi wetu twajua jina hilo: kituo cha utafiti wa kilimo kando ya mto Kongo, kilometa 100 hivi chini ya Kisangani, kilicho maarufu tangu miaka ya 1930. Tusilolijua ni hili. Tangu mwaka 1937 hata 1958 wafanyakazi wa kituo walipita msituni kila juma, wakitazama miti ile ile, ya mamia ya aina, na kuandika: huu umechanua, huu una matunda, huu umeangusha majani. Kila juma, miaka zaidi ya ishirini! Wakati ule labda wengine waliicheka kazi hiyo. Siku hizi wataalamu wa Ubelgiji, wakisaidiwa na watu wengi wa kujitolea, wamenakili karatasi hizo moja moja, kwa maana hakuna njia nyingine ya kujua msitu wetu ulikuwa na desturi gani kabla joto la dunia halijazidi. Msitu usio na baridi wala theluji nao una tarehe zake. Tulitoka pale kimya, tukifikiri habari ya kahawa.

Kabla ya kurudi kwetu tulipata neema moja. Mwisho wa Aprili mpwa wa Mama alituchukua kwa gari mpaka msitu wa Halle, kusini mwa Brussels. Ni msitu wa hekta 550 hivi. Katika vita vya 1914 hata 1918 Wajerumani walikata karibu miti yote mikubwa, na iliyopo ilipandwa hasa kati ya 1930 na 1950, mingi ikiwa ni ule uitwao kwa Kifaransa *hêtre*, wenye gome laini la kijivu. Chini yake udongo haukuonekana. Maua ya hiasinti ya mwituni, ya rangi kati ya buluu na zambarau, yalifunika mabonde na miinuko mpaka macho yalipokoma, hata ilionekana kama moshi umelala. Yana muda mfupi: lazima yachanue kabla majani ya miti hayajafunga dari na kuzuia jua. Kila mwaka ni mashindano kati ya kitunguu kilicho chini na jani lililo juu, na joto la mapema huwasukuma wote wawili, lakini si lazima kwa kasi moja. Baridi ilikuwa imerudi siku zile. Mvua ya mawe madogo ilitunyeshea njiani, na kwa mara ya kwanza tulilivaa lile koti la kuazimwa. Mama alibaki garini, miguu haikumruhusu. Tulipomwambia yamechanua yote alitaka kujua majani ya miti yalikuwa na ukubwa gani. Tukamwonyesha kwa kidole: kama sikio la panya. Akaandika.

Nyumba ile ya masista imefungwa baadaye, maana walikuwa wamebaki wachache na wazee, na Mama alihamishiwa nyumba ya kutunzia wazee, penye dirisha lakini pasipo bustani. Habari hiyo aliituandikia yeye mwenyewe. Sisi tulimwandikia kwanza, mwezi wa kumi 2016, kwa furaha ya mwanafunzi aliyefanya kazi yake: kila asubuhi baada ya kiangazi tulipanda kilima cha misioni, na kahawa ilichanua tarehe 23 Septemba, kilima chote, nyeupe kama meza ya altare.

Jibu lilifika wiki moja kabla ya Noeli, kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, mistari mitatu. Aliwasalimu wote kwa majina. Kisha aliandika: «Mmesahau kuniambia mvua ilinyesha siku gani.»